Mume wangu anataka tuhame usiku, kutoka Moshi hadi Tukuyu bila kulala njiani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 37, na ninaishi Moshi mjini, upande wa Majengo, ambako kwa miaka minane nimekuwa na duka dogo la vifaa vya kushonea. Mume wangu ni mtumishi wa umma. Mwezi wa nne alipokea barua ya uhamisho inayomtaka aripoti Tukuyu, wilayani Rungwe, mwanzoni mwa Julai. Sina ugomvi na uhamisho wenyewe, kwa sababu nilipoolewa na mtumishi nilijua siku hiyo ingefika. Duka nimemwachia wifi yangu kwa makubaliano, nyumba ya kupanga Tukuyu tumeshapata kupitia mfanyakazi mwenzake, na shule za huko zimekubali kuwapokea watoto. Kinachoninyima usingizi ni safari.

Mume wangu ameamua tuondoke Ijumaa ya mwisho ya Juni saa tatu usiku, baada ya yeye kukabidhi ofisi mchana huo, na tuendeshe moja kwa moja kwa njia ya Same, Korogwe, Chalinze, Morogoro na Iringa mpaka Tukuyu. Anasema tutafika Jumamosi mchana. Gari ni Noah yetu, ambayo si mpya, na ndani tutakuwa yeye, mimi, binti yetu wa miaka 14, kijana wa miaka tisa, mdogo wao wa miaka miwili na dada anayenisaidia kazi. Vyombo vikubwa vitapakiwa kwenye fuso, na vitakavyobaki tutavifunga juu ya keria. Sababu anazotoa ni kwamba usiku watoto watakuwa wamelala na hawatasumbua, magari ni machache, askari wa barabarani ni wachache, na hatutalipia nyumba ya wageni wakati ambapo fedha za uhamisho hazijalipwa zote. Kuhusu mama yake, anasema tutampigia simu tukishafika Morogoro, asije akapandisha presha bure.

Mimi nilipendekeza tupite Arusha, Babati na Dodoma, ambako mdogo wangu anaishi na ana nafasi ya kutulaza, na safari tuigawe kwa siku tatu. Alinijibu kwamba hatuendi utalii. Nilipomwambia kwamba leseni ninayo tangu mwaka 2016 na kwamba naweza kumpokea usukani, alicheka, kwa sababu ni kweli kwamba sijawahi kuendesha nje ya Moshi. Sijawahi kwa kuwa hajawahi kunipa. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya maji na umeme tu. Binti yetu naye amesema hatapanda gari hilo. Alimuuliza baba yake mbele yetu sote, "Kwa nini tuondoke usiku kama watu waliofanya kosa?" Baba yake aliweka kijiko chini, akatoka nje, na hakurudi mpaka saa tano.

Huku Kibosho, mama mkwe wangu anajua kwamba tunahama, lakini hajauliza tarehe na hakuna aliyemwambia. Mume wangu ni kitinda mimba, baba yao alifariki mwaka 2019, na nyumba ya mama iko ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, ambacho ndicho alichoachiwa yeye. Mama ameshachimba miche minne ya migomba, ameifunga kwenye gunia, na anasema ni ya kupanda tutakakokwenda. Mume wangu amesema miche hiyo haitapanda gari lake.

Shangazi, nifuate uamuzi wa mume wangu kwa ajili ya amani, au nikatae na kupanda basi pamoja na watoto?

Mama wa Watatu, Moshi.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilipiga mstari chini ya sentensi ambayo wewe mwenyewe uliipita haraka: kwamba mama yake mtampigia simu mkishafika Morogoro. Mtu anayechagua saa ya kuondoka kwa kuangalia wingi wa magari humwambia mama yake tarehe, hata kama hamwambii saa. Mumeo amechagua saa ambayo mama amelala, na amepanga kwamba atakapoamka, mwanawe awe umbali wa zaidi ya kilomita 500, mahali ambapo hata akilia haiwezekani kugeuza gari. Kwa hiyo swali lako linaonekana kuwa la barabara, nami nitalijibu la barabara kwa kirefu, lakini naamini kwamba anayekuja kuendesha usiku ule ni mtoto wa mwisho anayeshindwa kuaga.

Wewe umeolewa katika nyumba ya Kichaga na hili unalijua kuliko mimi ninavyoweza kukueleza. Mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka, na pamoja na migomba anaachiwa wazazi wenyewe. Kaka zake wanaweza kuhamia Dar es Salaam au Mwanza na kurudi Desemba wakiwa na zawadi, na hakuna anayewanyooshea kidole. Yeye akiondoka, hata kama ni kwa barua ya serikali isiyomwomba ruhusa, moyoni mwake ameacha lindo. Sasa rudia swali la binti yako. Mtoto yule hakujua alichokuwa anakigusa, lakini baba yake aliweka kijiko chini kwa sababu neno "kosa" lilikuwa tayari limo ndani yake.

Ndiyo maana nakuomba usianze mazungumzo kwa kilomita. Ukianza na kilomita atakujibu kwa kilomita, na katika hizo anajiona bingwa. Mtafute mkiwa wawili, nje ya nyumba ikiwezekana, na umwambie hivi kwa maneno yako: kwamba unaona jinsi kumwacha mama kunavyomwelemea, kwamba hutaki aondoke kwa kunyata, na kwamba uko tayari kwenda naye Kibosho Jumamosi moja kabla ya safari, mkakae kutwa nzima, mkawaite na kaka zake walio karibu, ili swali la nani atamwangalia mama lijibiwe mbele ya mama mwenyewe na si kwa minong'ono ya simu. Nani atalala pale? Nani atampeleka hospitali siku ya kliniki yake ya presha? Kahawa na ndizi zitavunwa na nani, na fedha yake itakaa mkononi mwa nani? Haya yakishasemwa hadharani, na mama akishatoa baraka zake mchana kweupe, mumeo hatakuwa na haja ya giza. Ikiwa mbege, pombe yetu ya ndizi, itapikwa siku hiyo, vizuri. Ila siku hiyo isiwe ya mkesha wa safari, kwa sababu nimeona watu wakianza safari ndefu na uchovu wa sherehe ya kuagwa.

Hata hivyo, usinielewe kwamba barabara si hoja. Ni hoja kubwa, na hapa mumeo amekosea hesabu.

Tuseme Ijumaa hiyo ataamka saa kumi na mbili asubuhi kama siku zote za kazi. Atakabidhi ofisi, atasimamia upakiaji wa fuso, atafunga kamba za keria, na saa tatu usiku atakapowasha gari atakuwa macho kwa saa 15. Kabla hamjafika Mombo atakuwa ametimiza saa 17, na wataalamu wa usingizi walishapima kwamba mtu aliye macho kwa muda huo hufikiri na kuitikia jambo polepole kama mtu aliyekunywa pombe. Kuanzia saa nane usiku mpaka mapambazuko ndio wakati ambao mwili wa binadamu hudai usingizi kwa nguvu zaidi, haijalishi amezoea au hajazoea, na kwa mwendo wake huo ndipo atakapokuwa kati ya Segera, Chalinze na Morogoro. Asubuhi mtaingia Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata kwa kiasi cha kilomita 50, wakati ambapo wanyama wako kwenye pilika za malisho. Kugonga mnyama pale ni hatari kwa walio ndani ya gari, na juu yake kuna faini. Kisha, akiwa hajalala kwa takribani saa 27, ataanza kupanda mlima Kitonga nyuma ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, yanayotambaa kwenye kona, na kila kona itamshawishi kupita bila kuona kinachoshuka mbele yake. Mwambie akutajie dereva wa basi ambaye yeye, kama baba, angekubali kumkabidhi watoto wake watatu, dereva huyo akiwa katika hali hiyo.

Hoja yake kwamba usiku barabara ni tupu nayo imechakaa. Barabara tupu anayoikumbuka ni ya miaka ile mabasi ya abiria yalipokuwa yamezuiwa kutembea usiku kucha. Tangu mwaka 2023 yameruhusiwa tena, na malori hayakuwahi kulala. Kilichopungua usiku ni msaada. Pancha ya saa tisa usiku katikati ya Hedaru na Mkomazi si sawa na pancha ya saa tisa alasiri, hasa mkiwa na mtoto wa miaka miwili. Na kuhusu askari, naomba niseme bila kumzunguka: gari lenye tairi nzuri, bima hai, mikanda inayofunga, kizima moto na pembetatu mbili za tahadhari halina sababu ya kuwakimbia askari. Ikiwa gari lenu lina upungufu katika hayo, dawa yake iko kwa fundi.

Njia yako ya Arusha na Dodoma ni bora, na si kwa sababu ya mdogo wako peke yake. Zamani ningekuambia upite Chalinze kwa sababu kipande cha Babati mpaka Dodoma kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, lakini kilomita zake 251 zilikamilishwa kwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018, na kipande cha Dodoma mpaka Iringa nacho kina lami. Kwa njia hii mnaikwepa Mikumi, mnaikwepa Kitonga, na yale malori makubwa yatokayo bandarini hamtaungana nayo mpaka Iringa. Kwa jumla njia zote mbili zinazidi kilomita 1,100, na hii ni fupi kidogo.

Siku ya kwanza tokeni saa kumi na moja alfajiri, mkiwa mmelala usiku kucha. Moshi mpaka Dodoma kwa njia hiyo ni kama kilomita 500, na kwa vijiji vyote vyenye kibao cha 50, ambako tochi za askari hazikosekani, msitarajie kufika kabla ya saa tisa au saa kumi jioni. Arusha mtaipita kabla foleni haijaamka. Mkishaiacha njia panda ya Makuyuni muwe macho kuelekea Kwakuchinja, kwa sababu pale wanyama huvuka kati ya Tarangire na Manyara, na kijana wako wa miaka tisa atafurahi kupewa kazi ya kuwatazamia. Babati mpumzike vizuri, watoto washuke, wakimbie, wale. Baada ya Bereko kuna mteremko wenye kona kuelekea Kolo. Hapo ashushe gia na kuliacha gari lijizuie lenyewe, asikanyage breki mfululizo mpaka zinuke. Usiku mtakuwa kwa mdogo wako, na gharama ya malazi itakuwa sifuri.

Siku ya pili iwe fupi kwa makusudi. Dodoma mpaka Iringa ni kiasi cha kilomita 260, mnapita katikati ya mibuyu, mnavuka juu ya bwawa la Mtera ambako simu za picha ziwekwe mfukoni, mnanunua samaki ng'ambo, kisha mnaupanda mlima Nyang'oro taratibu. Mtera ni joto na Iringa ni baridi, kwa hiyo masweta yasiwe chini ya mizigo. Laleni Iringa, au kama bado ni mchana na dereva hajachoka, songeni kama kilomita 80 mpaka Mafinga. Huo ndio usiku mmoja tu mtakaolipia chumba. Weka gharama hiyo kando ya gharama ya kuvuta gari moja lililoharibika usiku, halafu mwulize mumeo kipi ni utalii.

Siku ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, na watu huidharau kwa sababu wanahisi wamefika. Kuanzia Iringa mko kwenye barabara kuu ya Tunduma pamoja na malori yale. Kwenye misitu ya misindano ya Sao Hill na kuendelea Makambako, asubuhi za Juni huwa na baridi kali na ukungu, kwa hiyo siku hiyo msiondoke alfajiri. Subirini jua lichomoze na ukungu uinuke. Uyole mtaiacha barabara ya Mbeya na kukata kushoto kwenda Tukuyu, na kuanzia hapo, mwanangu, utashangaa. Utaona migomba, kahawa, vijito kila bonde, na mlima Rungwe umekaa juu ya yote kama vile mtu amekunja Kibosho akaikunjua upya mahali penye mvua nyingi zaidi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo makoti ya mvua ya watoto yanunuliwe kabla ya viatu vya shule.

Usukani mgawane. Kutokuwa na uzoefu wa barabara kuu ni sababu ya kujifunza mapema, na wiki zilizobaki zinatosha. Mwombe Jumamosi mbili uendeshe Moshi mpaka Arusha na kurudi, yeye akiwa pembeni, kwenye hiyo barabara yenye daladala, ng'ombe na bodaboda. Ukiweza hiyo, kipande cha Kondoa mpaka Dodoma utakiweza. Kila baada ya saa mbili gari lisimame, hata kama hakuna aliyeomba. Atakayesinzia aseme, wala asione aibu. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Unaondolewa kwa kulala, hata dakika 20 gari likiwa limeegeshwa kituo cha mafuta.

Noah mpelekeeni fundi wiki mbili kabla, si siku mbili, ili kitakachoonekana kipate muda wa kutengenezwa. Angalieni rejeta na mipira yake, breki, taa, na tairi zote tano, pamoja na umri wake, maana tairi inaweza kuwa na kashata, yaani meno yake, nzuri na bado imezeeka. Tarakimu nne zilizopigwa ubavuni huonyesha wiki na mwaka iliyotengenezwa. Keria ibebe vitu vyepesi tu, magodoro na nguo, kwa sababu mzigo mzito juu ya gari refu kama hilo hulifanya liyumbe kwenye kona. Mtungi wa gesi usiingie kwenye gari la watoto kwa namna yoyote. Na mdogo wa miaka miwili asipakatwe. Najua ndivyo tulivyolelewa sote, lakini gari likisimama ghafla hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika. Mtafutieni kiti chake cha kufungwa na mkanda, hata cha mtumba.

Kuhusu fuso nina jeraha la zamani. Mwaka ambao marehemu mume wangu alihamishiwa Songea tulitoka Arusha tukiwa tumepakia kila kitu kwenye lori, nasi tukapanda basi tukiwa na mkoba wa nguo na chupa ya chai. Lori liliharibika Makambako na kutufikia siku ya nne. Siku hizo zote watoto walilala juu ya khanga, jirani akatuazima sufuria, na mimi nikajifunza kwamba vitu vya usiku wa kwanza havitengani na familia. Kwa hiyo kwenye Noah wekeni godoro moja au mawili, blanketi, sufuria, vikombe, taa, sabuni, dawa za watoto na nyaraka zote: barua ya uhamisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za shule, kadi za kliniki. Fuso lisindikizwe na ndugu mnayemwamini, na awe na orodha ya vitu pamoja na barua ya serikali ya mtaa inayosema kwamba familia fulani inahama na hivi ni vyombo vyake, kwa sababu lori lililojaa makochi na friji usiku huulizwa maswali, na haki yake. Mzigo usizidi, maana gari la zaidi ya tani tatu na nusu lazima lipite mizani.

Fedha za uhamisho ambazo hazijalipwa zote, mumeo azifuatilie kwa maandishi kabla hajakabidhi ofisi. Ni stahili yake. Akishaondoka, barua zake zitasafiri polepole kuliko fuso.

Binti yako msimshawishi kwa zawadi. Ana umri wa miaka 14, ameuliza swali la kweli, na anastahili kujibiwa na yule aliyemwuliza. Baba yake akimwambia kwa mdomo wake kwamba kuondoka kunamuuma, na kwamba kwa sababu hiyo mpango umebadilika na sasa mtaondoka asubuhi, baada ya kumuaga bibi, naamini ataingia garini mwenyewe. Mpeni siku moja ya kuagana na rafiki zake bila ya wadogo zake kumfuata. Asipoongea mpaka Babati, mwacheni asiongee.

Miche ya migomba ni jambo dogo lenye uzito, na hapa namuunga mkono mumeo, ingawa si kwa sababu yake. Magonjwa ya migomba husafiri ndani ya miche na kwenye udongo ulioshika mizizi, bila mtu kuyaona kwa macho. Mnyauko wa bakteria uliothibitishwa Kagera mwaka 2006 uliwatia hasara kubwa wakulima wa huko, na miche ya kupeana kwa upendo ni mojawapo ya njia zake za kuenea. Sisemi migomba ya mama mkwe inaumwa. Nasema hakuna anayejua kwa kuitazama, na Rungwe wanaishi kwa ndizi kama Kibosho. Isitoshe, miche mtaipata hapohapo kwa majirani, na kuomba mche ni mlango mzuri wa kujuana nao. Lakini mama asikataliwe kwa kuambiwa tu kwamba miche haipandi gari. Mwombeni kitu kingine kitokacho nyumbani kwake. Ningekuwa wewe, ningeomba kata ya mbege aliyokuwa akinywea marehemu baba, naye mama atabaruku nayo mbele ya wote siku ya kuagana na kumkabidhi mwanawe. Ile miche minne ipandeni hapohapo kihambani siku hiyo, mumeo akishika jembe, na mwambieni mama kwamba Desemba mtakuja kuangalia kama imeshika.

Sasa swali lako la mwisho. Ukishazungumza naye hivi na bado akashikilia saa tatu usiku, usipande gari hilo na usiwapandishe watoto. Usifanye kwa hasira wala kwa kutoroka. Mwambie wiki moja kabla, kwa upole, kwamba wewe, watoto na dada mtapanda basi la mchana mpaka Dodoma na kumsubiri huko. Mshirikishe kaka yake mkubwa kabla ya mama, maana mama akilisikia kwanza litakuwa kesi, na kaka akilisikia kwanza litakuwa ushauri. Amani ya nyumba unayoiulizia hainunuliwi kwa kukaa kimya kwenye kiti cha mbele huku ukimtazama mwenzako akisinzia.

Lakini sidhani kwamba mtafika huko. Mwanamume asiyejali angemwambia mama yake tarehe mapema na kulala usingizi. Huyu wako ametoka nje mpaka saa tano kwa sababu ya swali la mtoto. Mwanzie hapo.

Na jioni ile mtakapofika kwa mdogo wako Dodoma, kabla ya kushusha mizigo na kabla ya chai, simu ya kwanza ipigwe Kibosho, na mpigaji awe yeye.

Shangazi.